Kumi na Nne, Kumi na Nane, Ishirini na Tisa

Januari ile, Ayalandi ilikuwa na meno.
Tulikuwa wawili garini, mimi na Fachtna,
ngazi, spana, taa ya kichwani,
na chai iliyopoa tangu Bandon.
Kazi: kuvua mifuko myeusi
waliyoivisha vibao vipya wiki nzima,
vikasimama pembeni mwa barabara kama wajane
wasiotaka kuulizwa neno.

Saa sita kamili za usiku sheria inageuka.
Sitini ya maili inakuwa themanini ya kilomita,
na themanini hiyo, ukiipigia hesabu,
ni ndogo kuliko sitini.
Fachtna alicheka hadi akakohoa:
"Serikali yetu hiyo. Imepunguza kwa kuongeza."

Njia ya Rathbrogan ina majani katikati ya lami.
Magari mawili yakikutana, moja hurudi kinyumenyume
hadi kwenye lango la mtu, na mbwa wa mtu.
Hapo tulifunua: 80.
Tukatazamana.
Trekta la Coughlan likiteremka mlima
bila breki, ibilisi akilisukuma,
halijapata kufika themanini ya kitu chochote.

Karibu na daraja lipo jiwe la kale
lililolala ubavu, kuvu imelila uso.
Nilipapasa kwa kidole: Cork, 14.
"Hizo ni maili zetu," Fachtna akasema,
"zilikuwa ndefu, wari elfu mbili na ushei.
Wakaja wenye maili fupi, wakaandika 18.
Kesho kutwa tunapigilia 29."
Akalitemea mate jiwe, akalifuta kwa mkono wa koti,
kama mama afutaye mtoto shavu.
Cork yenyewe ilikuwa kulekule,
mwanga wa rangi ya chungwa nyuma ya mawingu,
haina habari kwamba inakimbia.

Alfajiri tulifika njiapanda ya kanisa.
Gobnait alikuwa amekwisha kusimama,
viatu vya mpira, koti la marehemu mumewe.
"Mnaking'oa hicho?"
Kibao cha zamani, herufi nyeusi: kanisani, maili 2.
"Tunakibadilisha, mama. Sasa ni tatu na kidogo."
"Tatu."
"Na nukta mbili."
Akaitazama barabara kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.
"Kila Jumapili nakwenda kwa Con kwa miguu.
Maili mbili nimezizoea, magoti yangu yanazijua:
ya kwanza naongea naye, ya pili nanyamaza.
Hiyo ya tatu nitaifanyia nini?"

Nilijua jibu. Nina cheti cha upimaji.
Ningemwambia ardhi haijanyooshwa hata shubiri,
kwamba namba ni nguo tu, mwili ni uleule.
Ulimi ukawa mzito kama nyundo.
Fachtna alipanda ngazi bila kusema,
akalegeza nati nne, moja ilikuwa na kutu ikalia,
akashuka na kile kibao, akamkabidhi
kama mtu arudishaye bendera.

Kwenye fomu niliandika: kimepotea.

Nilipita kwake mwezi Mei.
Kimeziba tundu kwenye banda la kuku,
Maili 2, kichwa chini miguu juu,
na kuku mmoja mwekundu amelala nyuma yake
kana kwamba amekwisha kufika.
Gobnait hakuwapo. Ilikuwa Jumapili.

Gari langu ni la zamani, halijui kilomita.
Nimebandika utepe kwenye kioo cha mwendo
na kuandika namba mpya kwa kalamu ya risasi;
jua limezifuta karibu zote.
Nikaendesha polepole nyuma ya mwanamke mwenye koti kubwa,
sikupiga honi.
Alikuwa ananyamaza.
Nikajua tumevuka ya kwanza.